Kile chuma chenye ncha tulichokikuta chini ya kitanda cha marehemu tonton

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Kiswahili changu kimechanganyika na Kifaransa na Lingala, mtanivumilia. Kisa hiki ni cha nyumbani kwetu, sijakitia chumvi, na tantine, mke wa marehemu, mwenyewe ameniruhusu nikiandike.

Mwaka jana tulimzika tonton Baruti, kaka yake papa. Mzee mkimya, alikuwa anaishi commune ya Tshopo na mke wake, tantine Véro. Walizaa watoto watatu, wote walifariki wakiwa wadogo.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa tunatoa vitu chumbani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake nguo, karatasi za kazi za zamani, na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Chuma.

Urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka vidole. Mbele kina ncha kali, ndani kiko wazi kama bomba, ubavuni kina mfereji. Nyuma kina mpini wa mbao, nao una tundu linalopita katikati mpaka nyuma. Ndani ya mfereji kulikuwa na madoa ya kahawia, yamekauka.

Tonton Fidèle, mdogo wake marehemu, alikishika, akakiangalia, akakiweka chini taratibu.

"Batoto batatu balikufa humu," akasema. "Hii njo ilikuwa inabanyonya damu."

Macho yote yakamgeukia tantine.

Tantine alisema hakijui kile kitu. Ukweli huo ndio uliomponza, maana wakaanza kusema mke wa miaka yote hiyo hawezi kukosa kujua. Kufikia jioni neno ndoki, yaani mchawi, lilikuwa limezunguka uwanja mzima. Tonton Fidèle akampa mpaka Jumapili awe ametoka kwenye nyumba.

Kwa wasioujua mji wetu: mjane akishaitwa hivyo, hata jirani aliyekuwa anamwomba chumvi anaanza kupita njia nyingine.

Bon. Mimi ni fundi wa simu hapa Makiso, kufungua vitu ndiyo kazi yangu. Nilivyokiangalia kile chuma, kilikuwa kimetengenezwa kiwandani. Na mpini ulikuwa umelainika kama wa jembe, yaani mtu aliushika kila siku kwa miaka. Nikamwomba tonton Fidèle nikichukue. Alinipa haraka, hakutaka kilale kwake.

Nikaanza kuzunguka. Infirmier mmoja, yaani muuguzi, akasema si cha hospitali. Fundi wa magari akasema ni cha kutilia grisi. Tukajaribu, grisi yote ikamwagika chini. Nikaweka picha kwenye group la WhatsApp. Mmoja akasema ni mkuki wa Waarabu wa zamani, mwingine akanishauri nikitupe mtoni na nisiangalie nyuma.

Ijumaa nilikuwa nimechoka kabisa. Nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, nikaenda kwa Mama Kahindo kumnunulia tantine mchele. Huyu mama ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ana depo ya nafaka. Nikaweka mfuko wangu juu ya meza, ncha ikachomoza.

"Hii sonde umetoa wapi?" akauliza.

"Mama, unaijua?"

Alikichukua, akakichoma kwenye gunia la mchele, mpini ukiangalia chini. Mchele ukaanza kutiririka kupitia kwenye mpini, ukamjaa kiganja. Alipokichomoa akasugua gunia kidogo kwa ncha, nyuzi zikakutana, tundu halionekani.

"Papa yangu alikuwa ananunua kahawa," akasema. "Batu banaweka ya muzuri juu, ya mubaya chini. Na hii unaona ya katikati bila kufungua gunia."

Nikamweleza yote. Akasema, "Jumapili nitakuja. Nitakuja na gunia langu."

Usiku sikungoja, nilirudi kwenye zile karatasi za sandukuni. Tonton Baruti aliwahi kuwa mkaguzi wa kahawa kwenye depo moja iliyofungwa zamani. Nikakwangua yale madoa: kutu tupu. Kutoka ndani ya mpini ikaanguka punje ya kahawa, nusu, kavu kama jiwe.

Jumapili familia ikakaa uwanjani. Mama Kahindo hakuhutubia mtu. Alichoma gunia, mchele ukashuka kwenye sahani, akampa tonton Fidèle chuma mkononi.

Tonton akajaribu mwenyewe. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mara anaangalia mchele kama anataka uwe kitu kingine.

Ndipo tantine akaongea, sauti ya chini kabisa.

"Alikuwa ananiambia anaangalia kahawa. Sikujua anaiangalia na nini." Kisha akamgeukia tonton Fidèle. "Batoto bangu, babili balikufa na surua, moja na malaria. Fidèle, wewe njo ulichimba makaburi yao."

Tonton Fidèle aliweka chuma chini.

"Yaya, pardon," akasema, akimwita kama dada mkubwa.

Tantine hakusema amesamehe. Alisema tu kwamba watu wasogee, anataka kufagia.

Yuko kwenye nyumba yake mpaka leo. Majirani walichukua wiki nyingi kurudi, na wengine hawajarudi. Ile sonde tantine alimpa Mama Kahindo, akasema kitu cha kazi kikae kazini.

Nilichojifunza, wakuu: wazee wetu wanaondoka na majina ya vifaa vyao, na kifaa kisicho na jina watu wanakipa jina wanalotaka. Kama baba yako bado yuko hai, kaa naye siku moja, mwulize kila kitu kilichoko sandukuni kwake ni cha kufanyia nini.

Na kama kwenu kuna kitu mmekirithi na hamkijui, wekeni picha hapa chini. Pengine humu kuna mtoto wa mtu aliyekitumia.