Fungate ya 142857

Siku niliyokwenda kujiposea mwenyewe, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Desturi unaijua: kijana hutulia kwao, wazee wakaenda kumsemea. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, tena kijana, nikaona baba mdogo, aliyetumwa kuniposea, hataweza kunisifu ninavyostahili. Alinikanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamfuata toka Makorora hadi kwa kina msichana, Ngamiani, nikaketi mkekani kama mtu aliyealikwa.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, mche wa sabuni ukiupata unaushika kwa mikono miwili. Bibi yake Mwanaidi, msichana niliyemtaka, akauliza kwa upole, "Kwa maisha haya, mjukuu wangu mtamtunzaje?"

Baba mdogo hajafungua kinywa, nikadakia. Nikatoa karatasi, nikaandika 142857.

"Bibi, mimi ni kama namba hii. Izidishe kwa mbili, unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Kwa nne, kwa tano, kwa sita, vivyo hivyo. Dunia inizidishie shida itakavyo, mimi sibadiliki."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Aibu niliyompa mzee wa watu, Mungu anisamehe.

Bibi hakusoma hata darasa moja. Akaendelea kusuka ukili wake, kisha akaniuliza, "Fungate ni siku ngapi?"

"Saba, bibi."

"Mbona wewe umeishia sita?"

Wallahi sikuwahi kuizidisha kwa saba. Nikazidisha, jasho linanitoka. Ikaja 999999. Tarakimu zangu zote sita, hakuna hata moja iliyobaki. Shetani akaninong'oneza: andika uongo, bibi mwenyewe hasomi. Na Mwanaidi nilimtaka, mwanangu, nilimtaka hata chakula hakipiti. Mwisho nikaandika kweli, nikamsogezea karatasi.

"Hata mimi nisiyesoma naona zote zimefanana," akasema. "Zile zako zimekwenda wapi?"

"Zimepotea, bibi. Nimejisifia nisilolijua."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Bibi akamgeukia baba mdogo. "Huyu kijana wenu ana mdomo, lakini uongo haumudu. Posa tumeikubali, leteni kilemba. Yeye mwacheni kwao."

Aliyecheka ni Mwanaidi. Baada ya ndoa ndipo aliponiambia kwamba jibu la saba alikuwa ameshalipata kule kule nyuma ya pazia, kabla yangu. Ningeandika uongo, angenikataa mbele ya wazee.

Basi nakuusia. Jambo hujalifikisha mwisho, usilivimbie kichwa. Ukiumbuka, kiri palepale, maana njia ya mwongo ni fupi, na huwezi kujua nani anakagua hesabu yako. Na penye wazee, waache waseme. Mola akupe ulimi mzito wa kujisifu na mwepesi wa kukiri, na akujaalie mwenzio atakayekucheka na bado akakutaka. Amin.