Fundi Encho na Gari Lililogoma Siku za Mahakama

Fundi Encho wa kijijini kwetu Dolna Krusha ana mikono ya daktari na mdomo wa mbwa wa mnyororo. Ukimpelekea gari bovu unarudi na gari zima na moyo mbovu. Yeye mwenyewe hupanda baiskeli. Anasema anayajua magari mno kuyaamini, na watu anawajua zaidi.

Mwaka ule mgonjwa wake mkuu alikuwa gari la Krasen, kuukuu, rangi ya haradali, wavu wa mbele uling'oka zamani. Wiki nzima lilikuwa linawaka ukigusa tu ufunguo. Kisha siku moja stata inazunguka, inazunguka, injini kimya. Encho akifika mchana na mkoba wake, linawaka mara ya kwanza, kama linamcheka.

Ubaya ni siku lilizochagua. Krasen alikuwa na kesi mjini. Mkewe wa zamani alitaka kuhamia Hispania na binti yao Ralitsa, wa miaka minane, naye Krasen alikuwa anapinga. Mara mbili kesi iliitwa saa tatu asubuhi, mara mbili gari likagoma, na basi la kwanza kwetu hupita saa nne. Hakimu akasema asipofika mara ya tatu, mtoto ataondoka.

Baada ya mara ya kwanza Encho alibadilisha betri, plagi na waya zake. Baada ya mara ya pili alitoa hukumu mkahawani, mbele yetu sote.

"Gari halina ugonjwa. Mgonjwa ni dereva. Anamwogopa mkewe, asubuhi hataki kutoka, anaisingizia stata."

"Mzee Encho, ni mtoto wangu huyo," Krasen akasema.

"Basi shukuru karithi miguu ya mama yake. Angerithi yako asingefika hata mjini Sofia, sembuse Hispania."

Tulicheka. Na hilo liandikwe pia.

Ila gari lile lilimkereketa Encho. Mtu akimdharau analala fofofo, lakini gari likimshinda hata pombe ya rakia haimshuki. Kwa hiyo siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, akaegemeza baiskeli kwenye uzio wa Krasen, akawasha sigara, akatazama.

Ilipofika saa mbili kasorobo Krasen akatoka amevaa suti ya harusi yake, kitu pekee cha ndoa ile ambacho bado kilimtosha. Nyuma yake akaja mama yake, Bibi Zlata, na mtungi wa shaba uliojaa maji, ua likielea juu. Sote tumefanyiwa hivyo tukienda mtihani au jeshini: mama anamwaga maji njiani ili mambo yako yatiririke kama hayo maji. Lakini mama wengine humwaga kizingitini. Bibi Zlata aliona mwanawe anakwenda kwa gari, basi akalimwagia gari, usoni, mtungi mzima, kwa moyo wote.

Stata ikazunguka. Injini kimya.

Encho akacheka mpaka akakohoa. "Fungua boneti."

Mbele kabisa, pale wavu ulipokosekana, ilikaa distribyuta, ile inayozigawia plagi moto. Kofia yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ikilowa, moto unapotea. Ikikauka mchana, hakuna aliyeugua. Na siku za kwenda sokoni hakuna anayemwagiwa maji; ni siku za mahakama tu.

Kuipangusa ni kazi ya dakika mbili.

"Ipanguse basi, mzee. Mjini ni mwendo wa saa nzima," Krasen akasema.

"Tulia. Mama aone kwanza."

Akaita majirani waje uzioni, mmoja mmoja, kwa majina. Wenye magari walishakwenda kazini, wakaja wenye macho. Alipotosheka na umati akaing'oa ile kofia iliyolowa, akamshikisha Bibi Zlata.

"Unaona, mama? Anayekunyang'anya mjukuu si hakimu. Ni wewe na mtungi wako."

"Nilimwombea heri tu."

"Heri imeingilia hapa, kwenye ufa. Haya, sema tusikie. Nani kazima gari?"

"Ifunge, Mzee Encho, nakuomba," Krasen akasema.

"Aseme kwanza."

"Mimi," Bibi Zlata akasema.

"Wa kule nyuma hawajasikia."

"Mimi."

Ndipo akaipangusa, kwa kitambaa alichomvua bibi kichwani, akaifunga. Gari likawaka mguso wa kwanza. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Krasen alifika saa tatu na dakika ishirini na tano. Faili lilikuwa limeshafungwa. Ralitsa aliondoka kabla ya Pasaka.

Tulipompelekea Encho habari mkahawani, aliweka glasi chini.

"Gari liliwaka, halikuwaka?"

"Liliwaka."

"Sasa mnataka nini kwangu?"

Siku hizi linawaka kila siku. Jumamosi Krasen hulingurumisha uani dakika kumi, halafu analizima. Bibi Zlata hatoki ndani mpaka kelele ziishe. Encho akipita hupunguza mwendo wa baiskeli, anatega sikio.

"Sauti safi hiyo, kijana," anasema juu ya uzio. "Halitakuangusha tena."