Maji Hayana Kizunguzungu

Mtu wa Goma hafundishwi kukimbia. Ardhi ikicheza, miguu hutangulia nje, akili hufuata baadaye na kuuliza kulikoni. Nshobole alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu, akaletwa Goma na ndoa, lakini somo hilo alilijua kuliko wenyeji wengi. Mwaka ule lava ya mlima wa moto iliposhuka alikimbilia Sake kwa miguu, mtoto mgongoni, na ardhi ilikuwa ikitikisika njia nzima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi nani atamlaumu kwa lile la asubuhi ya kwanza?

Asubuhi hiyo aligeuka kitandani, upande wa kushoto, ili anyamazishe simu. Nyumba ikapinduka. Ukuta ulikwenda juu, dari ikaja chini, na Nshobole akapiga ukelele, "Udongo inatikisika!" Alinyakua watoto, akajigonga kwenye mlango, akaangukia nje juu ya mawe ya lava na kitenge cha kulalia. Majirani wote wakatoka mbio. Wakasimama, wakasikiliza. Hakuna kitu. Kuku walikuwa wakidonoa zao.

"Mama, iko inatikisika wapi?" akauliza mume wake, Cubaka, aliyetoka na kiatu kimoja.

"Haukusikia?"

"Miye minasikia baridi tu."

Walicheka mpaka mchana. Nshobole naye alicheka, lakini alicheka akiwa ameshika ukuta, kwa sababu kwake dunia bado ilikuwa ikizunguka.

Kicheko hakikukaa. Akiinama kupuliza makaa, kizunguzungu. Akiinua macho kuanika nguo, kizunguzungu. Kilidumu muda wa Salamu Maria moja, wakati mwingine pungufu, kikamwacha na jasho la baridi na kichefuchefu. Kwenye kituo cha afya walimwambia ni malaria, akameza vidonge. Kisha ikawa tifoidi, akameza vingine. Kisha wakamfunga mkono, wakapima presha, wakasema, "Ni tension hii, mama, acha chumvi." Akala maharage bila chumvi majuma mazima, na aliyeteseka hapo ni Cubaka. Mama mkwe alisikia habari za kichefuchefu akaanza kushona nguo za mtoto mchanga. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na mgonjwa akabaki na ugonjwa wake.

Shuleni alinyamaza. Alikuwa mwalimu wa wadogo kabisa, wale wa maternelle, katika shule ya mbao na bati kule juu, kwenye barabara ya kwenda Kanyaruchinya. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote, na aliogopa kuipoteza. Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nshobole hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na kamba ya kiatu.

Ilikuwa kamba ya Ange, binti mdogo mwenye meno ya mbele yaliyong'oka. Nshobole aliinama, akaifunga, akainuka. Darasa likaenda kando, na mdomo wake ukasema kabla yake: "Udongo inatikisika! Mutoke!"

Watoto waliukimbilia mlango, na mlango ule ni mwembamba. Ange alikuwa chini ya wenzake. Walipomtoa, mkono wake ulikuwa umevunjika, na ardhi ilikuwa imetulia vilevile kama ilivyokuwa tangu alfajiri.

Mama yake, Clarisse, mwanamke wa Masisi, Mprotestanti asiyegusa hata tone la pombe, alifika kutoka sokoni na unga wa muhogo bado mikononi.

"Weye maîtresse, unakunywa kasiksi asubui-asubui, kisha unalinda batoto ya bantu?"

Nshobole alitaka kujibu. Lakini alikuwa ameegemea nguzo ili asianguke, na mtu aliyeegemea nguzo akikana pombe ya ndizi, nani atamsadiki?

Directeur Aubin, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya. Kosa lake ni kwamba aliwaogopa wazazi kuliko alivyouogopa mlima. "Maîtresse," alisema wazazi walipoondoka, "mara hii nimekutetea. Ukipiga tena ile kelele ya bure, ile craie ya kuandikia utaiacha hapa, na utaenda."

Kilichomuuma Nshobole si maneno ya Clarisse wala ya Directeur. Kilichomuuma ni kwamba hawakukosea sana. Watoto wa watu walikuwa mikononi mwake, naye hakuweza tena kutofautisha ardhi na kichwa chake mwenyewe. Akipiga kelele bure, mkono mwingine utavunjika. Na akinyamaza siku ambayo ni kweli? Wazo hilo alishindwa kulifikisha mwisho.

Mkono wa Ange ulipotolewa plasta, Nshobole alikwenda kumsalimu kwa Papa Ézéchiel, muzee anayenyoosha viungo vya watu hospitalini. Clarisse alimgeuzia mgongo, akamshika mtoto, akaondoka. Nshobole akageuka haraka kuwatazama, akayumba, akadaka ukuta. Papa Ézéchiel alikuwa akimwangalia.

"Mama, macho yako inaruka," alisema. "Lala hapa kitandani."

Alimlaza chali, kichwa kikining'inia nje ya kitanda, akakigeuza kushoto. Dunia ikachanganyikiwa. Nshobole akashika koti la muzee kwa mikono miwili.

"Usifunge macho. Ngoja ipite."

Ikapita. Akakigeuza kulia, wakangoja. Akamlaza ubavu, wakangoja tena, kisha akamkalisha polepole.

"Mu sikio kuko vijiwe vidogo, vidogo kuliko muchanga," alieleza. "Vikitoka mahali pake, vinadanganya kichwa. Leo tumevirudisha kidogo."

"Papa, hata mu masikio ya bantu ya Goma kuko mawe?"

Muzee alicheka mpaka akavua miwani. Alimfundisha kufanya vile nyumbani, kulala kichwa kikiwa juu, kuinuka polepole. Kizunguzungu kitapungua, alimwambia, lakini kinaweza kurudi bila kubisha hodi.

"Na nikiwa mbele ya batoto, nitajua namna gani kama ni miye ao ni udongo?"

Hapo Papa Ézéchiel alirudisha miwani usoni. Yeye alitibu watu, milima hakuijua.

Jibu alilipata mwenyewe jikoni. Kizunguzungu kilimkuta akiosha maharage, na wakati ukuta na sufuria vikikimbia, aliona maji ya kwenye beseni hayana hata kunyanzi moja. Maji hayana kizunguzungu. Kesho yake akaweka glasi ya maji juu ya meza yake ya darasani, na akawaambia watoto ukweli, kwa lugha yao.

"Kichwa ya maîtresse inazungukaka. Nikikaa chini, musiogope. Maji ikitulia, tunaimba. Maji ikicheza, tunashikana nguo na tunatoka. Hakuna kukimbia."

Wakafanya mchezo. Walishikana nguo, wakatoka, wakarudi, wakaomba watoke tena. Ange alirudi shuleni na mkono wake mwembamba, akakaa karibu na mlango, akatazama tu.

"Weye hauchezi?"

"Mama alisema, maîtresse akipiga kelele nisimusikilize."

"Usikilize mama yako," alisema Nshobole, maana angesema nini kingine?

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Mabati yaligonga tangu asubuhi, mbao zikalia, na mtu hakuweza kusikia jambo lingine. Nshobole aliinua mikono kushusha michoro ya watoto iliyoning'inizwa kwenye kamba. Aliinua na macho. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Darasa likapinduka kwa nguvu ambayo hakuwa ameipata kwa majuma mengi. Alishuka sakafuni, akaegemea mguu wa meza. "Muimbe," alisema, na watoto wakaimba. Alisali Salamu Maria moja akingoja kizunguzungu kipite. Hakikupita. Akasali ya pili. Chini yake kitu kikatetemeka. Au ni yeye mwenyewe aliyetetemeka?

Aliitafuta glasi. Na hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulifikiria: macho yenyewe yalikataa. Yaliruka upande mmoja, yakarudi, yakaruka tena. Glasi ikawa tatu, ikawa tano, na maji yalitulia na kucheza kwa wakati uleule.

Ukelele ulimfika kooni. Akauona tena akilini mkono wa Ange chini ya rundo la watoto, akaukandamiza mdomo kwa kiganja. Kisha akaziona boriti za mbao juu ya vichwa vyao, na kiganja kikalegea. Aliogopa, waziwazi, kama ambavyo hakuwahi kuogopa hata kwenye njia ya Sake, kwa sababu kule Sake alikuwa na mtoto wake tu, na miguu yake ilikuwa ikimtii.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kufundishia rangi:

"Batoto, muache kuimba. Muangalie glasi. Maji inafanya nini?"

Wakanyamaza. Mabati yaligonga. Hakuna aliyejibu, na Nshobole akahisi machozi yanamtoka.

"Inacheza, maîtresse."

Sauti ilitoka karibu na mlango. Ilikuwa ya Ange.

"Kweli, Ange?"

"Inacheza sana."

"Eeh, inacheza!" wakasema wengine.

"Basi tushikane nguo. Ange, weye uko mbele. Fungua mulango."

Mtoto aliyekatazwa kusikiliza akafungua mlango. Wakatoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake, na hakuna aliyesukuma. Nshobole alifuata nyuma yao akitambaa kwa mikono na magoti, huku akitapika, mbele ya madirisha ya shule nzima. Kwa miezi aliogopa kuonekana hivyo hivyo. Sasa hakujali hata kidogo.

Nje, madarasa mengine yalikuwa bado yakisoma. Directeur Aubin akatoka.

"Maîtresse! Tena?"

Nshobole alikuwa amelaza shavu juu ya lava.

"Maji ilicheza," walisema watoto.

"Maji gani? Miye sikusikia kitu." Akaondoka kwa hasira kuelekea darasani, ili akaone hiyo glasi kwa macho yake.

Hakuifikia. Alikuwa ameweka mguu kwenye kizingiti tetemeko la pili lilipokuja, na hilo halikuhitaji glasi. Lilikuja na mngurumo wa lori zito, shule ikaegemea upande, na Directeur akaruka nyuma akipiga ukelele uleule alioukataza. Madarasa yote yakamwagika nje, watoto wakianguka na kuinuka. Ndani ya darasa la wadogo, boriti ilikatika. Ikashuka na ubao wote, ikaangukia meza ya mwalimu na benchi za mbele.

Vumbi lilipotulia, watoto wote walikuwa nje, wakubwa kwa wadogo. Aubin alisimama ametazama zile benchi.

Wazazi walifika mbio, Clarisse mbele yao. Alimdaka Ange, akamshika mikono yote miwili, akaipapasa kuanzia begani mpaka vidoleni. Mizima.

"Twende nyumbani."

Ange hakuondoka. Alirudi akashika kidole cha Nshobole.

"Ngoja, mama. Udongo imesimama, lakini kwa maîtresse bado inazunguka."

Clarisse alimtazama yule mwanamke aliyelala juu ya mawe, kitenge kimechafuka. Akatazama mlango uliokuwa wazi na boriti iliyolalia benchi. Kisha akavua kitenge chake cha juu, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa cha Nshobole, akakaa pale juu ya lava na kushika mkono wa pili.

"Inachukuaka muda gani?" aliuliza.

"Salamu Maria moja," Nshobole alinong'ona.

Clarisse akakohoa kidogo.

"Miye niko Protestanti, siijui yote," alisema. "Anza weye, dada. Nitakufwata."