Oili, Zinki na Pikapu ya Padri

Gari letu la kwanza lilikuwa pikapu ya padri mmoja wa Homa Bay. Alikuwa anarudi kwao Ulaya, na kwa kuwa mume wangu ndiye aliyemtengenezea viti vya kanisa, akamwuzia kwa bei ya kirafiki. Ilikuwa nyeupe iliyochoka, na umri wake haukupishana sana na wangu. Tulikuwa wapya katika ndoa, tukiishi Migori mjini. Mume wangu alikuwa seremala, mimi mshonaji, na vyumba vyetu vya kazi vilipakana; yeye akipiga randa, mimi nikikanyaga cherehani. Pikapu ilibeba vitanda na makabati hadi Kegonga, na ilipanda vilima vya huko bila kunung'unika.

Balaa ilikuja ikiwa zawadi. Kaka yake mume wangu alikuja likizo kutoka Nairobi na mkebe wa oili unaong'aa.

"Hii ndiyo wanatumia kwa magari mapya," akasema. "Nyepesi kama maji. Mafuta hayaishi ovyo."

Mume wangu akamwaga oili ya zamani, akatia hiyo, akazunguka gari akitabasamu kama mtu aliyemnunulia mtoto viatu. Kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa shwari. Kisha injini ikaanza kulia: ta-ta-ta-ta. Mwanzoni ilikuwa sauti ya chini, baadaye hata majirani waliisikia. Mama wa duka la mboga akaniuliza siku moja kama nimehamishia cherehani kwenye gari.

Tukampeleka mgonjwa kwa fundi, rafiki wa mume wangu tangu ujana, mwenye gereji karibu na soko. Alifungua injini siku nzima, akatoa fimbo ya chuma yenye matuta matuta.

"Shemeji, njoo uone," akaniita. "Hii ni kamshafti. Haya matuta ndiyo yanasukuma vali zifunguke. Shika hili. Sasa shika hili lingine."

Nikashika. La kwanza lilikuwa na ncha kama pua. La pili lilikuwa limelika, pua imekuwa shavu.

"Chuma kinasugua chuma," akasema. "Katikati hakuna kitu isipokuwa oili. Oili ikiwa dhaifu, basi."

Mume wangu akakuna kichwa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miezi michache, na tulikuwa tumemwahidi mama mkwe, Mkatoliki aliyekaa Magunga, kwamba Jumapili ya juma lile tungempelekea mjukuu. Alikuwa ametuma salamu kwa kila mtu aliyekuja Migori, na kila salamu ilikuwa kali kuliko iliyotangulia.

Kamshafti ilipatikana Homa Bay, katika duka la zamani lililokuwa likiwauzia wamishonari spea. Ilikuwa mpya, imefungwa kwa karatasi yenye grisi. Mume wangu alirudi nayo mapajani kama mtoto mchanga. Ikabaki swali la oili, na hapo ndipo wanaume watatu walipokaribia kukosana.

Wa tatu alikuwa mwenye duka la spea pale mjini, mzee Mwislamu kutoka Mombasa, mpole na mpenda kahawa. Tulikwenda kwake sote Alhamisi jioni, na mtoto mgongoni kwangu.

"Nipe namba arobaini," fundi akasema. "Nzito. Injini ya mzee inataka uji, si chai."

"Uji ule unachelewa kupanda juu asubuhi injini ikiwa baridi," mzee akajibu. "Na uzito si dawa ya kila kitu. Hayo matuta yanataka zinki."

"Zinki?" mume wangu akashtuka. "Ile ya mabati?"

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Si bati, bwana. Ni dawa inayochanganywa ndani ya oili. Chuma kikibanwa sana, inajenga ngozi nyembamba juu yake, kisilike. Zamani ilitiwa kwa wingi. Sasa magari mapya yana kifaa cha kusafisha moshi, na dawa hiyo inakiharibu, kwa hiyo wameipunguza. Gari jipya halijali. Hilo lenu linajali sana."

Akaweka vitu viwili juu ya meza: galoni la oili ya malori, ambayo alisema bado ilikuwa na zinki ya kutosha, na chupa ndogo ya zinki ya kuongezea siku ya kwanza. Fundi akasema oili ya malori ni ya malori. Mzee akasema lake mwenyewe, gari la petroli la zamani, linaitumia miaka yote. Mume wangu akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, wewe unasemaje?"

Nilifikiria cherehani yangu. Niliwahi kuitia mafuta mazito, na kila asubuhi ilinuna mpaka jua lipande.

"Hii ya malori inakuwa nzito asubuhi?" nikauliza.

"Hapana, dada. Ikiwa baridi inakimbia, ikipata joto hailegei."

"Basi hiyo. Na chupa moja."

"Mbili," mume wangu akasema.

"Moja!" mzee na fundi wakasema kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza walikubaliana. Zinki ikizidi, mzee akaeleza, nayo inaanza kula chuma.

Ijumaa kazi ilichelewa. Bomba moja lilivuja, likatafutwa lingine, na mzee alikuwa amefunga duka kwenda swala ya Ijumaa. Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, vyombo vinawekwa chini. Fundi, ambaye ni Mkatoliki, alilitazama jua kwa wasiwasi zaidi kuliko sisi.

"Sikilizeni," akasema tulipokuwa tayari. "Kamshafti mpya haitaki injini ingurume polepole. Ikiwaka tu, mtu akanyage mafuta, ashikilie hapo hapo karibu nusu saa. Mimi niko chini naangalia kuvuja. Wewe, omera, ndugu yangu, uko kwenye rejeta na maji."

Tukatazamana. Akabaki mtu mmoja.

"Mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli," nikasema.

"Hutaendesha, shemeji. Utakanyaga kama cherehani."

Nikampa mama wa mboga mtoto, nikapanda. Ufunguo ukageuka, injini ikakohoa, ikanguruma. "Panda! Panda! Hapo! Shikilia!" Nikashikilia. Moshi ukajaa, watu wakajaa. Usukani ulikuwa ukitetemeka mikononi mwangu kama kitu kilicho hai, na nikajikuta nacheka peke yangu mle ndani. Hakuna ta-ta-ta. Niliisikiliza kwa makini ya mshonaji anayesikiliza sindano, na haikuwapo.

"Achia polepole!" fundi akapaza sauti hatimaye. Injini ikatulia, laini. Jua lilikuwa bado na upana wa kidole juu ya mapaa.

"Ero kamano," mume wangu akamshukuru fundi, kisha akanishukuru mimi pia.

Jumapili asubuhi tulipita Rodi Kopany tukapinda kuelekea Magunga, vumbi nyuma yetu. Njiani nikamwambia mume wangu nataka anifundishe kuendesha. Akabadilisha gia. "Kare, sawa," akasema. "Tukirudi." Na kweli alinifundisha, na baada ya mwaka mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka vitanda Kegonga.

Mama mkwe alitupokea uani. Hakutusalimu sisi. Alimchukua mtoto, akamgeuza kila upande, akasema, "Nyathina, mtoto wangu," kisha akapanda kwenye kiti cha mbele naye, akafunga mlango.

"Nipelekeni kanisani," akasema. "Nataka waumini wenzangu wamwone kabla hawajatawanyika."

Mume wangu, kwa mazoea ya kumpisha mamake, akaenda kukaa nyuma kwenye bodi akingoja mtu wa kuendesha, mpaka alipokumbuka kwamba ni yeye.