Ng'ombe Wasio na Uzito

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi, kila mmoja alitaka kibao chake, na mimi nilikuwa na brashi. Nilichora mizani mpaka nikaichukia. Kila kibao nilikitia sahihi pembeni, na sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza ni ya nani.

Ndipo akaja mwalimu mmoja mstaafu, na madaftari matatu ya riwaya yake: dunia ambamo kila kitu kimepoteza uzito. Alitaka picha ya jalada. Mpiga chapa wa Mwanza alikuwa akiisubiri.

"Ikinipendeza," alisema, "sahihi yako itakaa kwenye kitabu."

Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka kuoa.

Kitu kisicho na uzito sikuwa nimekiona. Nikaenda nyumbani Mwamapalala, nikachora nilichokijua: ng'ombe wetu watano wakielea kati ya nyota, miguu juu. Picha nikaianika uani kwa mama.

Jirani wa kwanza kupita alisimama, akavua kofia. "Poleni sana. Ni ugonjwa gani?" Wa pili aliuliza kama ngozi zimewahi kuchunwa kabla ya kuoza. Kwetu ng'ombe wa miguu juu ana maana moja tu. Nilikasirika, nikawaeleza habari za uzito. Walinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mfiwa.

Mama hakusoma shule, ila amekamua tangu utotoni. Aliinama akaitazama picha.

"Ng'wana wane, mwanangu, mkia wa mfu hulegea. Ndama akiruka kwa raha, mkia unakaza."

Nikaikaza mikia yote mitano. Wakafufuka. Mwalimu alipoiona alicheka peke yake, akaipeleka stendi kwenye basi la Mwanza siku ileile.

Miezi ikapita, kitabu kikaja. Mpiga chapa, mtu mwangalifu, aliona ng'ombe wamelala chali, akadhani picha imegeuzwa, akaisahihisha. Ng'ombe wangu walikuwa wamesimama vizuri kwa miguu minne. Sahihi yangu ilikuwa kwenye kona ya juu, kichwa chini.

"Katika dunia ile hakuna juu wala chini," mwalimu alinifariji.

"Basi na jina lako wangeligeuza," nikamjibu. Hakucheka. Mimi niliumia, sina haja ya kuficha.

Nilimpelekea mama nakala bila kumwambia neno. Herufi hazijui, lakini sahihi yangu anaijua umbo lake; kila alipokuja gulioni Bariadi alikuwa akiitafuta kwenye vibao. Alikigeuza kitabu polepole mpaka sahihi ikakaa sawa, akakiegemeza dirishani. Jirani yule wa kwanza akafika, akaona miguu juu, mkono ukaenda kwenye kofia.

"Iache kichwani, baba," mama akamwambia. "Tazama mikia, hawa wana raha. Na huyu hapa pembeni ni mwanangu."