Kidole cha Maziwa

Kwa miaka kumi na tisa fundi wa vipimo alipika vidole bandia: jelatini, maziwa na tone moja la wino mweusi, kama karatasi ya maelekezo ilivyotaka. Kila kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu kilibana kidole hicho, mwanga mwekundu ukapenya, namba ikasomeka sawa, naye akabandika stika yenye sahihi yake. Wenzake walimwita Mpishi.

Siku moja, kwa udadisi tu, aliongeza matone manne ya wino ili kidole kifanane na chake kwa weusi. Loo! Kifaa kikatoa namba nzuri kuliko ukweli. Akawaandikia wakubwa. Barua ikaenda kulala kwenye droo, naye, afanyeje, akarudi kwenye tone moja.

Leo mama yake amelazwa, anahema kama aliyepandishwa ngazi mbio. Kifaa kidoleni kinaonyesha tisini na tatu.

"Mwanangu, pumzi hainitoshi."

"Sista, mwekee oksijeni. Kifaa hiki kinakosea kwenye ngozi kama zetu."

"Kaka yangu, mitungi ni miwili na wodi imejaa. Anawekewa aliye chini ya tisini."

"Nakuambia kinadanganya! Hii ndiyo kazi yangu!"

Sista hakukasirika. Alikigeuza kifaa taratibu, akamwonyesha stika mgongoni.

"Mwenzako aliyekipima anasema kiko sawa."

Fundi aliitazama sahihi yake. Tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita.