Rubisi ya Kuniaga

Mama alikuwa amebakiwa na mikungu minne ya ndizi za pombe, na yote minne aliikata kwa ajili yangu.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeondoka nyumbani kwetu Muleba mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimeanika dagaa Goziba, nimebeba mawe ya dhahabu Geita, nimelinda ghala Mwanza, nimekaa Kigoma miaka miwili bila sababu yoyote ya kukaa Kigoma. Kila nilipokuwa, niliota jiko la mama na harufu ya ndizi zikiiva na maharage chini ya majani ya mgomba. Kila niliporudi, wiki tatu hazikuisha kabla sijaanza kutazama barabara. Mama husema nilizaliwa nikitanguliza miguu, na tangu siku hiyo sijaipumzisha.

Katika kurudi kwangu kumoja ndipo nilipoleta hasara. Nilimkuta mama peke yake, amezeeka, kibanja, shamba letu la migomba, kimejaa majani makavu. Nikachukua panga, nikaanza kupunguza miche na kukata majani kuanzia shina la kwanza mpaka la mwisho. Ilinichukua siku mbili, na mama alinisifu kwa kila aliyepita njiani. Sikujua kwamba shina moja nyuma ya choo lilikuwa na mnyauko, wala kwamba ugonjwa ule unasafiri kwenye makali ya panga. Baada ya miezi michache majani yakawa ya njano, yakalegea. Ndizi zikaiva kabla ya wakati wake, ukizikata ndani zimeoza. Ukiwa umeketi mlangoni kwa mama uliweza kufuata kwa macho njia niliyopita.

Wataalamu wa kilimo walikuja kutoka kituo cha utafiti cha Maruku, wakatukusanya shuleni. Walituonyesha namna ya kuchoma panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na namna ya kuvunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Walisema shina linaloumwa ling'olewe lote na mizizi yake, na yaliyo mazima yaachwe, yalindwe. Nilielewa vizuri. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nilielewa vizuri.

Siku ile ndipo nilipotaka kusoma. Sikuwahi kutaka kusoma nilipokuwa kijana. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama za kubahatisha, nikakiweka cheti kwenye mfuko wa nailoni na kuzunguka nacho nchi nzima kana kwamba kuna mtu angenisimamisha njiani aniombe nikionyeshe. Sasa nilitaka kitu kimoja tu: nisomee kilimo, nirudi, kibanja kisimame tena mama akiwa hai wa kukiona.

Nilijaza maombi ya kozi ya cheti cha kilimo kwenye chuo kimoja nje ya mkoa wetu. Binti wa stesheneri pale Muleba mjini aliniuliza, "Mtoto amezaliwa mwaka gani?"

"Mtoto ni mimi."

Akatazama kompyuta, akajizuia kucheka. "Sawa, baba. Mwaka?"

Majibu yalikuja kwa simu siku ya gulio. Maombi yangu yameahirishwa mpaka awamu ya pili ya udahili, nisubiri uamuzi. Nilisoma mara tatu nimesimama kati ya wauza nyanya. Nilipofika nyumbani mama alikuwa akimenya ndizi, akanitazama usoni kabla sijasema.

"Wamekukataa?"

"Hapana, mama."

"Basi wamekukubali."

"Wamesema nisubiri kidogo."

"Kusubiri ni kawaida," alisema. "Hata mgeni aliyekaribishwa husubiri mlangoni wakati wanafagia."

Nilipaswa kumweleza. Nilikuwa na maneno yote, kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Lakini alikuwa ameshaweka kisu chini na kuinuka, anatafuta panga akakate ndizi za pombe ya kuniaga, na panga lile alilipitisha motoni kama nilivyomfundisha, pande zote mbili. Nikachukua jembe, nikaenda kuchimba shimo.

Ndizi za pombe ukishazifukia hazina subira. Unachimba shimo, unalitandika majani, unapanga vichane, unafunika, na siku ya tano au ya sita zimeiva, utake usitake. Ukichelewa zinaoza. Kila asubuhi mama alifukua pembeni kidogo, akabonyeza ndizi moja, akafunika. Kila asubuhi mimi nilitazama simu. Nilikuwa nikiomba simu iwahi kabla ya shimo. Siku ya sita akasema zimekuwa tayari, majirani wakaja na nyasi za kukamulia, wakaingia kazini, na siku iliyofuata rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imechacha vizuri kwenye mtumbwi wa pombe wa marehemu baba.

Walikuja watu kama ishirini. Mzee wa jirani, aliyesoma na baba darasa moja, alichukua kibuyu chake akaja kuketi karibu nami.

"Mwanafunzi," akasema, "kaptula umeshashona?"

"Bado, tata."

"Wahi. Na mvi hizo uzinyoe, mwalimu asije akakuamkia."

Mama mmoja akadakia kutoka mlangoni, "Mwacheni. Wengine hapa mlikuwa wazee mkiwa darasa la nne."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha mzee akasimama akanibariki, sauti yake ikabadilika, akasema mwana huyu ameondoka mara nyingi kama mtu anayekimbia, leo tunamtuma sisi. Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akanipa kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile aliyoichemsha mwenyewe na majani na kuianika, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba. "Ya walimu wako," alisema. "Usifike kwa watu mikono mitupu."

Kwetu mtu akishaagwa kwa rubisi haonekani tena kijijini mpaka awe amefika alikoagwa kwenda. Akirudi njiani, waliomuaga wanasema wamekunywa mkosi. Kwa hiyo kesho yake nilipanda gari la Bukoba na begi langu. Nilikuwa nimezoea kuondoka nyumbani bila kuagwa. Safari hii nilikuwa nimeagwa, na sikuwa na pa kwenda.

Nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Kahororo. Yeye ni mshonaji, anaishi chumba na sebule, cherehani iko dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunyanyua mguu kutoka kwenye pedali.

"Kaka, umekunywa pombe ya uongo."

"Awamu ya pili ikitoka itakuwa kweli."

"Na isipotoka?"

Akasema nitalala sebuleni, ila yeye mama akimuuliza hatasema lolote, si kweli wala uongo.

Nilisubiri wiki saba. Asubuhi nilikwenda mpaka ufukweni, nikatazama ziwa. Saa nne nilirudi kwa sababu mtandao ulikuwa unashika vizuri zaidi karibu na nyumba. Mchana wanafunzi walipita dirishani wakiwa na sare, mimi nikimshikia dada pindo la nguo. Kifurushi cha kahawa kilikuwa begini. Nilitamani kutafuna punje moja, mate yalinitoka, lakini haikuwa yangu.

Mama alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, kwa simu ya jirani.

"Wanakulisha?"

"Wananilisha."

"Ndizi?"

"Ugali."

"Vumilia, mwana wange." Kisha akauliza, "Na juu ya ndizi zetu wamekufundisha nini?"

Mwanzoni nilimjibu yale ya Maruku, na hapo sikudanganya. Lakini kila Jumapili aliuliza zaidi, na nilianza kupenda kuulizwa. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuningoja niseme. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyetoka darasani. Nilikuwa nikijiandaa tangu Jumamosi.

Jumapili ya tano akasema ugonjwa umefika karibu na kaburi la baba. Mashina mawili yanaumwa. Yale yaliyozunguka kaburi lenyewe ni mazima, yana mikungu.

"Ng'oa," nikasema.

"Yale mawili?"

Dada alisimamisha cherehani. Nilimwona akinitazama. Jibu nililijua, nililisikia kwa masikio yangu pale shuleni. Lakini jibu lile lingeweza kutolewa na mtu yeyote kijijini aliyekuwa amehudhuria, na mimi nilikuwa mtu wa chuo.

"Yote, mama. Kibanja kizima. Ndivyo tunavyofundishwa."

Nikasikia watu wakisalimiana nyuma yake nje ya kanisa.

"Hata ya baba yako?"

"Hata hayo."

"Haya," akasema. "Kama chuo kimesema."

Simu ilipokatika dada alisema neno moja tu, "Mpigie." Nilisema nitampigia kesho. Kesho nikasema pengine awamu ya pili inatoka wiki hii, nitampigia nikiwa na habari njema, tulizungumze lote pamoja. Wiki ikapita, na Jumapili iliyofuata mama hakupiga.

Awamu ya pili ilitoka Jumanne. Nafasi zilikuwa zimejaa. Ujumbe ulinishukuru kwa kuomba.

Nilipanda gari la Muleba siku hiyo hiyo. Kutoka barabarani hadi kwetu kuna mteremko, na tangu utoto wangu ukifika kwenye mteremko ule huioni nyumba, unaona migomba tu. Safari hii niliiona nyumba yote, bati, mlango, na mama akiwa ameketi mlangoni. Niliona na msalaba wa kaburi la baba. Sikuwahi kuuona kutoka pale. Udongo ulikuwa mwekundu, umechimbuliwa, na vipande vya mashina vilikuwa vimelundikwa vikikauka. Majirani walikuwa wamemsaidia, wengi wao wale wale waliokunywa.

"Wamewapa likizo?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alichukua begi langu akaanza kutoa nguo za kufua. Hivyo ndivyo alivyofanya nilipotoka Goziba, Geita, kila mahali. Nikakumbuka, lakini nilichelewa. Mkono wake ulitoka na kifurushi cha kahawa, jani halijachanika, na kamba ya mgomba imefungwa kwa fundo lake.

Alikigeuza mara mbili.

"Huko chuoni hawatafuni kahawa?"

Nikamweleza, tangu siku ya gulio. Sikuacha kitu. Alikuwa akitazama kibanja.

"Ile ya kung'oa yote," akasema, "ilitoka chuoni au ilitoka kwako?"

"Ilitoka kwangu."

"Wale wa Maruku walisema nini?"

"Yanayoumwa tu."

Akatikisa kichwa polepole. Mzee wa jirani, alinieleza, alimkataza. Alimwambia mashina ya kaburini ni mazima, ayaache. Naye akamjibu mzee wa watu, mbele ya majirani, kwamba yeye hakusoma chuo.

Nilisema nitakwenda kumwomba radhi, yeye na wote waliokuja kuniaga.

"Utawaambia nini? Rubisi wameshakunywa. Waitapike?"

Jioni alichemsha viazi vitamu. Katika nyumba yetu viazi vilikuwa vya kumshikilia mtoto wakati chakula chenyewe, ndizi, kinaiva. Tulikula, tukanawa, na hakuna aliyesema kwamba hatujala. Ardhi, walivyosema wale wataalamu, ipumzike miezi sita kabla ya kupanda miche mipya. Nilimwambia nitakaa nihesabu miezi hiyo hapa hapa, na miche nitaitafuta mimi. Alisema sawa.

Kisha akazikunja nguo zangu safi, akazirudisha begini. Juu yake akaweka kile kifurushi, akafunga zipu.

"Kiache humo," akasema. "Utakuja kukihitaji ukienda."

Huu ni mwezi wa nne. Begi lipo nyuma ya mlango kama alivyoliweka. Kila asubuhi nikiamka namkuta mama anaingia kutoka nje, na kabla hajanisalimia, analitazama kwanza begi.